Mwanangu, umeniuliza matumaini nilitoa wapi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza nikaurudia, halafu nikamwambia mamako nataka nikae peke yangu nikuandikie, manake kwa simu nitalia na wewe utaanza kunibembeleza mimi badala ya mimi kukujibu. Umeniuliza hivi: "Baba, wewe unaishi na PTSD ya bomu, ule mshtuko usioisha, na baipola juu yake, na sa hii mimi nimeambiwa nina baipola. Matumaini ulitoa wapi, na nani alikushika? Kwa sababu nikiangalia ndani yangu sioni kitu."

Nakujibu moja kwa moja. Ndani yangu pia hayakuwemo, kwa hivo usichoke kuyatafuta huko kwa sasa. Kichwa chenye baipola, huu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kinadanganya pande zote mbili, kikipanda kinakuahidi dunia nzima na kikishuka kinakwambia hakuna kesho, na pande zote mbili unaamini kabisa manake sauti inayosema ni yako mwenyewe. Mimi matumaini niliyatoa kichwani nikawapa watu wanishikie, na mengine nikayaandika kwa karatasi. Hilo ndo jibu, yaliyobaki humu ni kukueleza ilivokuwa.

Habari ya bomu unaijua nusu nusu, kila mwezi wa nane unaona nyumba imenyamaza. Ilikuwa Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, mimi karani kijana kwenye ofisi moja karibu na ubalozi wa Marekani Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo, watu wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini, halafu ndo likaja lile kubwa. Ndo maana watu wengi sana siku ile walipoteza macho, vioo viliwakuta wamesimama dirishani wanachungulia. Mimi nilikuwa nyuma kwa makabati ya mafaili. Wenzangu walionitangulia dirishani ni wao waliopofuka na mimi nikatoka na mikato ya mgongo na mkono tu. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam siku hiyo hiyo 11, na majeruhi maelfu. Mimi nikaambiwa na kila mtu alhamdulillahi umepona.

Ngozi ilipona kweli. Lakini sahani ikivunjika jikoni mimi niko chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. Siwezi kukaa nimeelekea dirisha mpaka leo na wewe umekua ukiona hivo ukadhani ni tabia ya baba. Ndoto zilikuja usiku baada ya usiku, na sio kama kukumbuka mwanangu, kukumbuka ni kitu cha jana, hii ni mwili unarudi pale pale na vumbi unalinusa. Na kubwa kuliko yote ni lile swali la mbona wao na sio mimi. Miaka kadhaa baadaye kaunsela akaniambia kuna utafiti, madaktari wakiongozwa na Dakta Frank Njenga waliwauliza karibu watu 3,000 miezi michache baada ya bomu, na asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia PTSD. Nilishusha pumzi ndefu siku ile. Nilikuwa nadhani ni mimi tu nimelegea, kumbe mji mzima ulikuwa unatembea na kitu hiki kimya kimya.

Sasa baipola. Hiyo hailetwi na bomu peke yake, iko kwa damu, babu yako upande wangu alikuwa na miezi yake ya kuimba usiku kucha na miezi yake ya kutotoka chumbani na watu wa mtaa wakasema ana majini. Lakini daktari wangu alinieleza vizuri jinsi hivi viwili vinavoshikana. Ndoto mbaya zinakunyima usingizi, na kwa mtu wa baipola kukosa usingizi ni mlango wa kupanda. Ukipanda unafanya mambo, unagombana, unakopa, unajiumiza, na hayo nayo yanakuwa vidonda vipya vya kukurudia ndotoni. Zinalishana. Na mara ya kwanza nilipoenda kutafuta msaada, kliniki moja iliniona nimeshuka ikanipa dawa ya dipresheni peke yake bila kuniuliza kama nimewahi kupanda, na dawa hiyo ikanirusha juu, wiki nzima silali, nikatangaza nafungua maduka matatu na nikauza kiwanja. Ndo maana nakuomba, daktari yeyote mpya akikuandikia dawa ya dipresheni, mwambie hapo hapo una baipola, kabla hajafunga faili.

Watu walionishika nakutajia. Wa kwanza ni mamako, na nataka ujue hakunishika kwa mapenzi peke yake manake mapenzi yalikuwepo tangu mwanzo na hayakutosha. Alinishika kwa kazi maalum. Yeye ndo anahesabu nimelala masaa mangapi. Nikilala chini ya masaa matano mara mbili mfululizo anampigia daktari, hanibishii, haniulizi kama najisikia vizuri, manake nikipanda najisikia vizuri kuliko watu wote duniani. Kadi ya benki anakaa nayo yeye. Ami yako kazi yake ni kuja nyumbani tukiita, anakaa na mimi, tunakunywa kahawa, hasemi mengi. Shangazi yako ndo wa usiku, yule halali mapema na simu yake haizimwi. Kila mmoja ana kipande chake, hakuna aliyebeba wote, na ndo sababu hawajachoka miaka yote hii.

Haya yote yako kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, nadhani uliwahi kuiona ukiwa mdogo. Niliiandika mwenyewe nikiwa mzima. Inasema nikianza kupanda dalili zangu ni zipi, kuongea haraka, kununua vitu, kupigia watu simu usiku wa manane. Nikianza kushuka ni zipi, kutonyoa, kuacha kwenda msikitini, kusema nawachosha watu. Inasema nipelekwe hospitali gani, natumia dawa gani, ipi ilinidhuru. Na chini nimeandika "hata nikikataa, mimi mwenyewe nimekubali." Kuna usiku nilikataa kweli kweli, nikapiga kelele, ami yako akanisomea karatasi kwa mwandiko wangu nikaingia garini. Andika yako mwanangu. Andika wiki hii kama uko sawa, umshirikishe mumeo, na nakala moja utume huku.

Kingine kilichonishika ni wenzangu. Kwa kikundi chetu cha kusaidiana kuna mama mmoja aliyepoteza macho siku ile ya bomu, alijifunza kusoma Breli akiwa mtu mzima na akarudi kazini, na yeye ndo mtu pekee ambaye nilimwambia lile swali la mbona sio mimi. Hakunipa jibu. Aliniambia tu, na mimi hilo swali ninalo, kwa upande mwingine. Kukaa na mtu asiyehitaji kuelezewa kunapumzisha, hata mamako na mapenzi yake yote hawezi kunipa hiyo. Tafuta watu wa baipola wenzako huko uliko, uliza kliniki, wauguzi huwa wanajua vikundi viko wapi.

Kwa upande wa dawa, mimi nipo kwa lithiamu. Ni dawa ya zamani, daktari wa Australia anaitwa John Cade aliandika habari zake mwaka 1949, na mpaka leo bado ni kati ya dawa bora za ugonjwa huu. Ni chumvi tu lakini inataka adabu. Damu inapimwa kiwango chake, figo na tezi la shingo vinaangaliwa, maji unakunywa ya kutosha, chumvi ya chakula huipunguzi ghafla, na ukiumwa mgongo usikimbilie brufeni au diklofenaki manake zinapandisha lithiamu mwilini hadi inakuwa sumu. Ukiharisha sana au ukitapika, au mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, nenda hospitali usingoje. Wewe sijui wamekupa ipi, hukusema. Kama ni valproeti na unafikiria kupata mtoto, ongea na daktari kabla ya mimba, ile inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila usiache ghafla kwa uoga, kuacha ghafla ndo kunarusha watu.

PTSD yenyewe tuliigusa baadaye. Daktari alisema kwanza tutulize kupanda na kushuka, usingizi urudi, ndo twende kwa kaunsela kufungua habari ya bomu. Aliyenisaidia alinifanya nisimulie ile siku kwa mpangilio, polepole, tangu nilipoamka na chai niliyokunywa, mpaka jioni nilipofika nyumbani, tukairudia na kuirudia. Mwanzoni ndoto zilizidi nikataka kukimbia. Baadaye ile siku ikapata mwanzo na mwisho, ikakaa mahali pake. Haijaondoka. Shambulio la Westgate 2013 lilinirudisha nyuma, lile la hoteli ya Dusit 2019 tena, na siku hizo televisheni ya nyumba hii inazimwa na hakuna anayeuliza kwa nini.

Najua mama mkwe wako amesema usomewe. Usomewe, hakuna ubaya. Imamu wetu alinisomea na alimwambia mamako mbele yangu kisomo tunasoma na dawa asiache, na mimi namuombea dua kila siku kwa maneno hayo manake wengine walioniona kabla yake walitaka nichague moja. Na Ramadhani inakuja, usifunge bila kuongea na daktari, saa zote zile bila maji ukiwa kwa lithiamu ni hatari, na kukesha kwa daku kunavuruga usingizi. Mgonjwa ameruhusiwa kula, hiyo iko ndani ya Qur'ani yenyewe, suratul Baqara. Miaka ambayo sifungi tunalisha masikini na sijioni mpungufu.

Uliuliza kwa sauti ya chini mwisho kabisa kuhusu watoto, kama utawaambukiza. Mtoto wa mzazi mwenye baipola hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine, kweli, lakini wengi sana hawaipati, kati ya kumi karibu tisa wanakua bila hiyo. Na hata akiipata atazaliwa kwa nyumba inayojua dalili. Babu yako hakuwa na nyumba kama hiyo. Mimi sijutii hata siku moja kwamba ulizaliwa, nakuandikia hili wazi ili siku kichwa chako kikikwambia wewe ni mzigo uliorithiwa uwe na mwandiko wa babako unaosema sio.

Na hilo la kutoona kitu ndani, nakuuliza kama baba na nataka unijibu kweli. Unafikiria kufa? Kama ndio, au kama siku yoyote itakuwa ndio, mwambie mumeo usiku huo huo, dawa akae nazo yeye, mwende hospitali iliyo karibu kitengo cha dharura. Kama huwezi kumwambia mtu wa nyumbani kuna Befrienders Kenya, wao kazi yao ni kusikiza. Na usiogope polisi, zamani watu walinyamaza kwa kuogopa kushtakiwa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba. Mimi nimefika hapo mwanangu, zaidi ya mara moja. Kila mara nilikuwa na uhakika kabisa kwamba haitaisha, na kila mara iliisha, na sikuamini mpaka ilipoisha. Ndo maana nakwambia usiku kama huo uhakika wako usiufuate, fuata wa shangazi yako.

Nimeshaongea naye. Yuko tayari kuwa wako wa usiku kama alivo wangu, amesema saa yoyote. Mamako anakuja Jumamosi na basi la asubuhi, atakaa mpaka usingizi wako utulie, usimwambie asije manake ameshapanga nguo. Mumeo nitampigia mimi kesho baada ya Isha, sio kumlaumu, kumpa kazi zake. Wewe nitumie jina la dawa na dozi, na ulilala masaa mangapi jana na juzi, nambari tu, hata bila salamu.

Babako