Maswali ya Wasomaji: Nani Anastahili Kushika Maiki Pale Mbele?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi na mwenzangu tunakaanga chipsi hapa Morogoro, na kila jioni tunaweka roki kwenye spika mpaka wateja washatuzoea. Sasa tuna ubishi wa wiki mbili hauishi. Mi nasema mwimbaji kiongozi wa bendi ya roki ni sauti basi, kama huna koo kaa pembeni upige besi. Mwenzangu anasema sauti ni mambo ya studio, kwenye steji watu wanataka mavazi, kuruka, kupagawishwa. Tuamulie, tumeshawekeana soda. – Wakaanga chipsi, Morogoro

JIBU: Marahaba wanangu. Kwa ninavyoona mimi hamna aliyeshinda hapo, ila ngoja niwaeleze kwa nini maana swali lenu nimelipenda sana.

Sauti ina uzito wake, sikatai. Robert Plant wa Led Zeppelin alipoingia kwenye bendi ile mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka kama 20 tu na koo lake lilikuwa linapanda juu mpaka linashindana na gitaa la Jimmy Page, mtu ukisikia unasisimka. Lakini Mick Jagger wa Rolling Stones je? Wapo wengi wanaomzidi sauti, na bado akitokea yeye hamna anayemwangalia mtu mwingine. Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi. Vituko navyo havitoshi, maana kwenye bendi ya AC/DC anayeruka na kukimbia huku na huku kavaa kaptula ya shule ni mpiga gitaa, Angus Young, wala si mwimbaji. Mwimbaji wao Bon Scott alipofariki Februari 1980 wakamchukua Brian Johnson, na mwezi wa saba mwaka huohuo albamu ya Back in Black ikatoka na ikauza mno. Brian kavaa kofia yake anaimba, anamwacha mwenzake atambe, na bendi inakwenda.

Mi nasema mwimbaji kiongozi mkubwa ni yule anayewasikiliza watu. Yaani yuko juu anaimba lakini masikio yake yako chini kwa mashabiki, anajua yule wa nyuma kabisa kama yumo au hayumo.

Tafuteni video ya bendi ya Queen kwenye Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye mkanda wa video kwa jirani yetu miaka ya tisini na nikaomba turudishe nyuma mara tatu. Watu kama 72,000 wamejaa pale, na wengi walinunua tiketi kabla hawajajua kama Queen watakuwepo. Kila bendi imepewa kama dakika 20 tu. Queen wanapanda saa 12 na dakika 41 jioni, na kule mwezi wa saba muda huo jua bado linawaka kwa hiyo hamna mataa hamna moshi, hakuna cha kujifichia. Mwimbaji wao Freddie Mercury kavaa singlendi nyeupe na jinzi, mkononi kashika maiki yenye kipande tu cha stendi. Anaanza kwenye piano, kisha wanaingia Radio Ga Ga na uwanja mzima mikono juu, wanapiga makofi mawili mawili kwa pamoja.

Alafu ndo inakuja ile sehemu ninayotaka mwiangalie kwa makini. Muziki umenyamaza. Freddie anatupa sauti moja fupi, "eeeee-oo", watu wanamrudishia. Anatupa nyingine, wanarudisha. Anaivuta ndefu, ndefu kabisa, wanajitahidi wanaivuta nao. Hana maneno hapo wala ujumbe, ni mchezo wa kuitana na kuitikiana kama bibi zetu kwenye ngoma, mmoja anatoa wengine wanapokea. Ila mwangalieni akishamaliza zamu yake. Anatulia, anawasikiliza, anaona wameweza ndo anawapandishia kidogo. Angewapa ngumu tangu mwanzo wangeshindwa na ule utamu ungeisha palepale.

Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, mapema kidogo, bendi ya U2 walipiga nyimbo mbili badala ya tatu walizopanga, kwa sababu mwimbaji wao Bono katikati ya wimbo wa Bad alishuka kutoka kwenye steji kwenda kwa mashabiki, akamkumbatia binti mmoja aliyetolewa kwenye msongamano wakacheza taratibu. Wenzake juu kule wanaendelea kupiga tu hata hawamuoni, wakakasirika kweli. Lakini watu waliliona lile tendo wakalipenda, na U2 jina likapanda. Staili yake na ya Freddie ni mbingu na ardhi, ila wote wawili siku ile walikuwa wanawatazama watu waliokuja.

Kuna kingine kinanigusa kila nikikikumbuka. Mwaka 1986 Queen walipiga Budapest, Hungary, na Freddie akaamua kuimba wimbo wa asili wa kule, kwa Kihungary, lugha asiyoijua. Maneno aliyaandika kwenye kiganja. Kwenye video unamuona kabisa anachungulia mkono wake, anaimba mstari, anachungulia tena, na uwanja unalipuka kwa furaha. Mtu ana hits zake kibao, angeweza kupiga hizo akaondoka zake.

Soda kunyweni pamoja.

SWALI: Anko habari za kazi. Mi niko Unguja, watalii kila siku wananiuliza nyumba ya Freddie Mercury. Je kuna chochote cha Zanzibar kwenye uimbaji wake, au sisi tunajipendekeza tu? – Msomaji, Mji Mkongwe

JIBU: Hamjipendekezi, ni mtoto wa hapo. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, baba yake mzee Bomi alikuwa karani wa fedha mahakamani chini ya serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka 8 hivi wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndo akajifunza piano. Akarudi Unguja akiwa kijana, Mapinduzi yakatokea Januari 1964, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London.

Mi siwezi kukwambia kwamba kuna taarabu ndani ya sauti yake, sijaisikia na sitaki kukupamba. Ninachokiona ni mtoto aliyehamishwa mara mbili kabla hajafika miaka 18, kila mahali ni mgeni, inabidi awasome watu haraka. Na wale watalii waambie na hili, wengi hawalijui: kwenye bendi yake ya shule, The Hectics, Freddie hakuwa mwimbaji kiongozi. Alikuwa anapiga piano, mwingine ndo anashika maiki. Hata alipokuwa staa bado alikuwa anaziba mdomo kwa mkono akicheka, sababu alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele, na akagoma kuyatoa akihofia sauti itaharibika.

SWALI: Kaka, bendi yetu ni ya watu wanne, tunapiga roki Nairobi. Mwimbaji wetu amepata kazi Doha ameondoka. Anayeimba vizuri kutuzidi wote ni wa drums lakini ni mpole mno, akiwa mbele bila drums anatetemeka. Tutafute mtu mpya? – Mpiga besi, Nairobi

JIBU: Pole bana, hilo pengo nalijua linavyouma. Ila msikimbilie mwimbaji mpya. Genesis ya Uingereza iliachwa na Peter Gabriel mwaka 1975, na huyo alikuwa mtu wa kuvaa vinyago na kichwa cha mbweha kwenye steji, nani atamrithi mtu kama huyo? Wakajaribisha waimbaji wengi sana, hamna aliyewakaa. Mwishowe akaimba Phil Collins, mpiga drums wao, ambaye miaka yote alikuwa anaitikia kutoka nyuma. Hakuvaa kinyago chochote. Akaongea na watu kwa lugha ya kawaida, akawachekesha, na bendi ikaja kuwa kubwa kuliko mwanzo.

Nao walifanya kitu kimoja ambacho nataka mkifanye: kwenye ziara ya 1976 walimtafuta mpiga drums mwingine, Bill Bruford, akae nyuma ili Phil asimame mbele, na zile sehemu zisizo na uimbaji Phil alikuwa anarudi kupiga. Kwa hiyo tafuteni mtu wa drums, si mwimbaji. Shoo ya kwanza mpeni kaka yenu nyimbo tatu tu za kuimba akiwa mbele, zilizobaki aimbe akiwa kwenye kiti chake alichokizoea. Na mkiwa mazoezini alikeni marafiki watano sita wakae mbele yake karibu, aimbe huku anawaangalia machoni.