Msitu Baada ya Kambi Kubwa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tangu 1972 watu wa Rainbow Family, kundi lisilo rasmi la wapenda amani, hukusanyika kila mwaka katika misitu ya umma ya Marekani. Wakiondoka, msitu hurudishwaje katika hali yake? – Msomaji, Minnesota

JIBU: Mkusanyiko huo hufikia kilele tarehe 4 Julai, kisha wachache wa kujitolea hubaki nyuma kusafisha, wakishauriana na maofisa wa Huduma ya Misitu, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia misitu hiyo. Taka huondolewa, mashimo ya vyoo na ya moto hufukiwa, na mabomba ya maji huzolewa. Kazi ngumu zaidi, na inayosahauliwa upesi, ni ya udongo: maelfu ya nyayo huushindilia hata maji ya mvua yasiweze kupenya, yakatiririka juu yake na kuubeba hadi mitoni, ndiyo sababu vijia na viwanja vya jikoni hutifuliwa, hupandwa mbegu za nyasi za asili ya mahali hapo, kisha hufunikwa kwa matawi na magogo ili watu wasiendelee kupita. Mbegu za kigeni zisikubaliwe kabisa, hata zikiota haraka. Nasisitiza pia kwamba ukaguzi urudiwe theluji inapoyeyuka mwaka unaofuata, kwa kuwa ndipo mmomonyoko na magugu hudhihirika.