Maswali na majibu: Mhusika nimeshamchora, mbona hadithi haiingii?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Mwanza. Tumepewa wiki nane, kila mmoja atengeneze katuni fupi ya dakika mbili. Mhusika wangu nimeshamaliza kumchora. Anaitwa Masalu, kijana mvuvi wa Igombe. Ana rasta, miwani ya jua, koti refu la vifungo kumi na viwili na mkufu wa meno ya sangara. Anaokota taa ya ajabu, anapigana na joka la ziwani, anaokoa kijiji, anakuwa mfalme. Kila nikiibana hadithi, dakika mbili hazitoshi. Kuna fundi mjini ameniambia nimpe laki mbili na nusu anipe pakiti ya mhusika anayejongea tayari, na kwamba programu yangu ya bure haifai. Nimlipe? – Mwanafunzi, Buhongwa

JIBU: Marahaba. Usimlipe. Programu ya bure inatosha sana: Krita, OpenToonz na Blender hazikudai hata senti, na katuni kutoka Latvia iliyochukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Hilo tumelimaliza, maana silo linalokusumbua.

Kila muhula ukianza naletewa wahusika kama bwana harusi anavyoletwa ukumbini. Kavaa, kapakwa mafuta, kasimama wima anatazama mbele. Namuuliza mwenye kazi, huyu anataka nini? Kimya. Nauliza tena, akigeuka mgongo yukoje? Kimya zaidi. Kisha naonyeshwa jinsi rasta zilivyotiwa kivuli.

Mdogo wangu, umeanza na nywele. Watu wengi wanaamini ukishapata mhusika mkali, hadithi itamfuata yenyewe kama mkia. Haimfuati. Ndiyo maana Masalu wako anahitaji joka, kijiji na ufalme: hakuna kitu kimoja anachokitaka, kwa hiyo unamtafutia shughuli. Dakika mbili zinabeba mtu mmoja, anayetaka jambo moja, na kitu kimoja kinachomzuia.

Na hilo jambo unalo tayari, ila umelipitia mbio. Ni taa. Wewe ni mtoto wa ziwa hili, unajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanalala nyumbani. Sasa mweke Masalu ndani ya mtumbwi, usiku wa manane, kazi yake kuilinda karabai isizimike. Anataka kukaa macho. Usingizi hautaki. Basi. Joka liache liende zake. Hii ya kuilinda karabai naielewa mwanzo hadi mwisho kabla hujafungua mdomo, na bibi yangu pia ataielewa bila neno moja kusemwa.

Sasa mtazame Masalu wako upya. Hadithi nzima iko kwenye kope zake, nawe umemvisha miwani ya jua. Usiku! Umekifunika kitu pekee tulichokuja kukitazama. Vua. Mpe macho makubwa yenye kope nzito zinazoonekana hata skrini ikiwa ndogo kama ya simu. Mpe kichwa kikubwa kidogo kuliko kawaida na shingo nyembamba, ili kichwa kikianza kuelemea, mtazamaji naye ahisi uzito. Koti liache, lakini liwe la baba yake, limpwaye, mikono ipite vidole. Hapo umepata mambo mawili kwa mpigo: tunajua ni mdogo kwa kazi aliyopewa, na huna haja ya kuchora vidole.

Vifungo tuvihesabu pamoja. Sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo; tukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, ni michoro 12. Dakika mbili ni michoro 1,440. Vifungo kumi na viwili mara 1,440 ni vifungo 17,280. Bado hujachora rasta hata moja. Hata ukimrahisisha, kila mchoro ukala dakika 15, hizo ni saa 360, na wiki zako nane zina siku 56. Ni zaidi ya saa sita kila siku, Jumapili zikiwemo, umeme usikatike. Ahueni yako ni kwamba mtu anayesinzia hatulazimishi kuchora kila sekunde. Anatulia, na mchoro mmoja unaweza kushikiliwa kwa muda. Giza nalo linakusaidia, maana usiku ziwani unachora kile tu ambacho mwanga wa taa umekigusa.

Usichore usingizi kutoka kichwani. Panda daladala ya alfajiri kutoka Buhongwa kwenda mjini, kaa kiti cha nyuma na daftari, uangalie abiria wanavyosinzia. Kichwa kinashuka polepole, tuseme michoro kumi na miwili. Kinasimama kidogo kifuani. Halafu kinashtuka juu kwa michoro miwili, na macho yanafunguka baada ya kichwa kufika, siyo kabla. Mwenyewe anajifanya hakulala, anarekebisha kola. Hiyo kola hakuna fundi anayeweza kukuuzia.

Kuhusu huo mkufu: nenda Mwaloni Kirumba, mwombe muuza samaki akufunulie mdomo wa sangara, upitishe kidole. Ni kama msasa. Hana jino la kutungia mkufu. Nimecheka, lakini sikulaumu sana; picha ya mkufu huo umeitoa kwenye katuni za watu wengine, ambako samaki wote wana meno ya papa. Ndiyo hatari ya kubuni mhusika ukiwa umeinamia skrini huku ziwa liko mwendo wa dakika chache.

Ukishamrekebisha, mchore kutoka mbele, robo tatu (amegeuka kidogo pembeni), ubavuni na mgongoni, kimo kilekile. Kisha mjaze wino mweusi mwili mzima, bila macho wala mikunjo. Kama bado tunajua ni nani na kwamba anasinzia, umbo limesimama. Tukiona gunia, rudi mezani. Matukio yote yachore kwenye vipande vya karatasi, watu wa vijiti tu wanatosha, upige picha kwa simu, uzipange kwa muda wake halisi na kuweka sauti ya maji. Mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kukusikia ukiieleza, nawe funga mdomo. Akikuuliza "hapa imekuwaje?", hapo ndipo pa kurekebisha. Wiki mbili za kwanza zote ziishie kwenye hilo, hutajuta.

Nirudi kwa huyo fundi wa pakiti, kwa sababu hayuko peke yake. Siku hizi wamejaa. Mmoja anauza kozi ya siku tatu, mwingine vikaragosi vya kununua, mwingine anakuandikia maneno mawili kwenye akili mnemba na kukukabidhi picha arobaini za Masalu, kila moja ikiwa na Masalu tofauti: huku kola imebadilika, kule kapata kidole cha ziada, pale ngozi imekuwa nyeupe kidogo. Ukimwambia mgeuze, anakuletea mtu mwingine. Nami niliwahi kuingia mtego huo. Nilipokea kazi ya tangazo la sabuni, muda mfupi, nikanunua kikaragosi cha mama kilicho tayari, nikambadilisha shati. Haikupita mwezi nikamwona mama yangu wa sabuni kwenye tangazo la duka la simu, kavaa kofia, anatikisa mkono vilevile. Mteja wangu alinipigia simu saa moja asubuhi. Sikuwa na la kujibu.

Wanachouza ni mjongeo ambao haujui unajongea kwa nini. Kile kikaragosi kinatembea, kinapunga mkono, kinaruka. Kusinzia huku kikiogopa taa isizimike, hakijui, kwa kuwa aliyekitengeneza hakuwahi kuisikia hadithi yako. Matokeo yake mwanafunzi anaigeuza hadithi ifuate mijongeo aliyonunua. Wavuvi wanaanza kupungiana mikono bila sababu. Nimetazama kazi za namna hiyo hadi naweza kubashiri mkono utapunga saa ngapi.

Na wapo wanaoamini kwamba michoro rahisi ni aibu, eti jopo la walimu litaona hawajui kuchora. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza katuni ya rais ambaye ni chura, amekwenda ziara nchi ya jirani. Chura wa mistari michache, rangi hakuna, na bado hadi leo anaonyeshwa. Hakuna aliyemuuliza ngozi ya chura imetiwa kivuli namna gani.

Ukikutana tena na huyo jamaa kabla hujamwambia hapana, mwombe akuchoree Masalu kwa nyuma, amekaa kwenye mtumbwi, anapiga miayo. Penseli mpe ya kwako.