Ufukwe wa Raskazone hapa Tanga unaoga muda wowote?
Hapana mdau, inategemea maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, yaani maji makubwa, bahari inajaa kwenye saa kumi jioni hivi, jua limeshalegea, joto lote hili la kaskazi unalisahau, ila ukienda saa nne asubuhi siku hiyohiyo maji yamekupwa unaishia kutembea kwenye tope ndala mkononi. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 so usikariri saa, mie nimekulia hapahapa Tanga na bado nawauliza wavuvi kwanza. Maji yakikukatalia nenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 tu kutoka mjini, njia ya kwenda mpakani Horohoro, vaa viatu visivyoteleza.