Sindano ya mwezi imepita wiki 7: achomwe mbili?

SWALI: Assalaam alaikum daktari. Ndugu yangu mdogo ana skizofrenia, maradhi ya akili. Kila wiki 4 huvuka kutoka Faza hadi Lamu kuchomwa fluphenazine 25 mg. Mwezi uliopita boti hazikutoka kwa sababu ya usalama, kisha kusi likachafua bahari. Leo ni wiki ya 7. Ametulia, ila usingizi umepungua, na helikopta ikipita huingia uvunguni. Achomwe mbili kufidia? Na yawezekana kuchomwa hapa hapa Faza? — Msomaji, Faza

JIBU: Waalaikum salaam. Mbili, hapana. Dawa hii imechanganywa na mafuta ya ufuta. Hukaa ndani ya msuli wa tako na kuvuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana bado ametulia. Utulivu huo usikudanganye, maana dawa huisha taratibu na maradhi hurudi taratibu, pengine miezi miwili mitatu baadaye, nyumbani mkiwa mmeshasema kumbe kijana alipona zamani. Kumchoma sindano mbili (mililita 2) kwa mpigo hakurudishi wiki zilizopotea. Kutamletea kukakamaa na kutetemeka, na mafuta yakishaingia msulini hayatoki: kidonge kikimsumbua mtu hukiacha kesho yake, sindano hii atakaa nayo wiki nyingi.

Kwa kawaida, kama hazijapita wiki 6 tangu sindano ya mwisho, mgonjwa huchomwa dozi yake ile ile na tarehe kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Huyu amezidi, kwa hiyo aonwe kwanza. Daktari anaweza kuanza na 12.5 mg, yaani nusu mililita, au kumpa vidonge vya kushikilia kwa muda. Bahari ikiwa haipitiki, muuguzi wa Faza aongee na kliniki ya Lamu kwa simu siku hiyo hiyo. Msingoje boti.

Kuchomwa Faza kunawezekana, mradi muuguzi awe na maandishi mkononi: jina la dawa, dozi, kila wiki ngapi, tarehe ya mwisho na tako lililochomwa. Ulizeni kabla kama dawa ipo. Ikiwa haipo na kliniki imekubali mbebe kichupa wenyewe, hamhitaji barafu kama wenye insulini. Kiwekeni kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mbali na injini ya boti, na nyumbani kisikae chini ya mabati wala ndani ya friji.

Kwenye uchomaji, kosa la kuepuka ni bomba au sindano yenye unyevu. Tone la maji likikutana na mafuta, dawa huwa na ukungu. Bomba liwe kavu kabisa, na sindano iwe ya geji 21, kwa sababu nyembamba zaidi hushindwa kuvuta mafuta. Kichupa kikishikwa kiganjani dakika chache, mafuta hulainika. Ngozi ivutwe pembeni, sindano iingie wima robo ya juu ya nje ya tako, bomba livutwe nyuma kidogo kuangalia damu, dawa isukumwe polepole. Kisha hesabu hadi 10, toa sindano, ndipo uachie ngozi. Pasisuguliwe. Watu wengi husugua kwa huruma, na dawa hupanda kuja chini ya ngozi ikaacha uvimbe.

Siku 5 za mwanzo mtazameni shingo, macho na ulimi. Shingo ikipinda, macho yakienda juu yakagoma kushuka, ulimi ukawa mzito, hiyo ni dawa imekaza misuli. Pwani hii wengi husema jini amepanda. Kombe, yaani kunywa maandishi ya Kurani, halikatazwi, lakini pitieni hospitali kwanza: sindano ya promethazine au dawa ya benzhexol huilegeza shingo, mara nyingi ndani ya saa moja. Akipumua kwa shida, au akapata homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya saa ile ile, usiku au mchana.

Sasa helikopta. Lamu hii, tangu Mpeketoni 2014, mwenye akili timamu pia hushtuka akisikia mngurumo usiku. Kuingia uvunguni na kutoka kelele ikiisha ni woga tu. Angalia kinachobaki baada ya kelele: je, anasema helikopta inamtafuta yeye, inamsemesha, wapishi wamelishwa fedha wamtilie sumu? Je, ni usiku wa tatu hajalala, na haoni taabu kutolala? Hapo maradhi yanarudi. Na muulize kwa upole kuhusu muguka, kwa kuwa mtafunaji naye hukesha. Muguka huongeza ubongoni kile kile ambacho dawa inakizuia, kama watu wawili kuvuta jarife moja pande mbili.

Siku ya kufungwa kwa njia haitangazwi, basi mpango uandikwe siku ya shwari. Ombeni kliniki vidonge vya akiba vya wiki 2, pamoja na maelezo ya lini vianze, na sindano zichomwe mapema kidogo kabla ya tarehe zake miezi ya kusi, Juni hadi Agosti. Pigeni picha kila ukurasa wa kitabu cha kliniki. Benzhexol ibebwe ndani ya pakiti yenye jina la mgonjwa. Vidonge hivyo hutumiwa vibaya mitaani, na vikikutwa bila pakiti kwenye ukaguzi mtachelewa kueleza hadi maji yatoke mkondo wa Mkanda na boti isiweze kupita.

Na kama nyumbani yuko mwingine anayetumia phenobarbitone au carbamazepine kwa kifafa, akiba yake itangulie hata hii sindano. Hizo zikikatika ghafla, degedege mfululizo linaweza kuanza ndani ya siku chache.