Mnaoanza utafiti wa udhibiti wa mitambo, anzeni na vali

Nianze na kosa langu, maana lilinifunza kuliko kozi zote nilizosoma. Mwaka wa kwanza wa utafiti nilikaa miezi minne nikifundisha mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kutokana na data, kudhibiti kina cha maji katika matangi mawili yaliyounganishwa. Kwenye kompyuta mambo yalikuwa shwari: maji yanapanda, yanatulia, basi. Siku ya kuujaribu kwenye matangi yenyewe, maji yakawa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, hadi nikazima pampu.

Nikaulaumu mtandao. Nikauongezea tabaka, nikauongezea data. Fundi wa maabara, aliyekuwa akinitazama siku zote hizo, ndiye aliyekuja akashika shina la vali na kusema: "Hii inanata." Kweli. Ukiiamuru isogee kidogo inagoma, inagoma, halafu inaruka. Katika milinganyo yangu vali ilikuwa laini kama ya kuchorwa.

Kwa hiyo, wadogo zangu, wiki za mwanzo msiandike kidhibiti chochote, yaani programu ya kuiamuru vali. Kaeni na mtambo. Fungua vali kidogo kwa mkupuo mmoja, rekodi kinachotokea, kisha ifunge urekodi tena, kwa sababu kupanda na kushuka mara nyingi havifanani. Angalia amri inachukua muda gani kabla ya chochote kuonekana. Uchelewaji huo ndio adui mkubwa: kidhibiti kinahangaika na hali iliyokwisha pita, na ukikiongezea nguvu unazidisha mtikisiko.

Angalia pia mwisho wa uwezo wa mtambo. Vali ikishafunguka yote haina zaidi ya kutoa, lakini kidhibiti cha PID, kile cha kawaida kinachofuata kosa, yaani tofauti kati ya kina kinachotakiwa na kilichopo, kinaendelea kujumlisha kosa hilo kama mtu anayelimbikiza deni. Maji yakifika kina kinachotakiwa, deni bado lipo, na yanapitiliza. Dawa yake inajulikana, ni kusimamisha kujumlisha pale vali inapofika ukomo, ila wengi huisahau.

Hilo linanileta kwenye jambo linaloniudhi. Kanuni za wahandisi Ziegler na Nichols za kurekebisha PID zilichapishwa mwaka 1942, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Halafu mtu analeta algoriti mpya, anaishindanisha na PID aliyoiacha bila kuirekebisha, anatangaza ushindi. Umemfunga mwenzio miguu, kisha unajisifu kwamba unakimbia! Mimi nilipobadilisha vali na kuirekebisha PID kwa uaminifu, mtandao wangu wa neva uliishinda kwa kiasi kidogo mno. Ilibidi nibadilishe swali la utafiti.

Sisemi vidhibiti vinavyojifunza havifai. Nasema vinahitaji kuchungwa. Ndege ya majaribio X-15 ilikuwa na kidhibiti kinachojirekebisha chenyewe safarini. Tarehe 15 Novemba 1967 ilivunjika ikirudi kutoka juu sana, na rubani Michael Adams akafariki. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ni hii: ndege ilipokuwa ikishuka kwenye hewa nzito, kidhibiti kilipaswa kupunguza nguvu ya amri zake, ila mtikisiko uliokuwa umeanza ulikizuia kufanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kidhibiti chako kinajifunza haraka kiasi gani, uliza kitafanya nini kikijifunza vibaya, na nani atakizima.

Na wekeni daftari. Tarehe, vipimo, kihisi kipi kilibadilishwa, jaribio lipi lilishindikana na kwa nini. Langu la mwaka ule limejaa namba za mafunzo ya mtandao, kurasa kwa kurasa. Kuhusu vali kuna mstari mmoja tu, wa mwezi wa tano, na hata huo ni mwandiko wa fundi.