Beringi za magurudumu: wapi ubane fedha, wapi usibane

Barua za safari hii ni za wenye pikapu na magari ya 4x4 yaliyokula chumvi. Mafundi wetu wanajibu.

SWALI: Nina pikapu ya 4x4 ya mwaka 1991, ekseli ya mbele ni ya bomba moja zima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gurudumu la mbele kushoto linavuma. Beringi zenye boksi la kampuni ya gari zimenishinda bei. Dukani nimeonyeshwa aina tatu za bei nafuu na zote zinang'aa. Nichagueje?

Anza na jambo ambalo muuza spea hana haraka ya kukwambia: kampuni ya gari haitengenezi beringi. Inanunua kwa watengenezaji wa beringi kama Koyo, NSK, NTN au Timken, kisha inaweka kwenye boksi lake. Kwa hiyo nafuu ya kwanza ni kununua beringi ileile ya mtengenezaji uleule bila boksi la kampuni ya gari. Hapo hujapunguza ubora hata kidogo.

Ili uipate unahitaji namba, na namba imechorwa kwenye chuma chenyewe. Ekseli za aina yako hutumia beringi za rola za mteremko, mbili kila habu (kitovu cha gurudumu): ya ndani na ya nje. Kila moja ina vipande viwili, koni yenye rola na kikombe kinachokaa ndani ya habu, na kila kipande kina namba yake. Futa grisi, sugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, andika namba zote nne. Usidhani ya ndani na ya nje ni sawa, na usikubali kuuziwa kwa jina la gari peke yake, kwa sababu modeli moja inaweza kubadilishiwa habu katikati ya uzalishaji.

Usizoee kupima kwa macho. Chukua LM102949/LM102910 (namba ya koni, kisha ya kikombe) na LM501349/LM501310. Zote mbili zina kipenyo cha nje cha mm 73.431 na unene wa mm 19.558, lakini tundu la ya kwanza ni mm 45.242 na la pili ni mm 41.275. Zikiwa mezani zinafanana kama mapacha. Mtego mbaya zaidi uko kwenye koni LM603049: kikombe LM603011 na kikombe LM603012 vina kipenyo kimoja, ila cha pili ni kipana zaidi kwa karibu milimita moja na nusu. Kitaingia kwenye habu bila ugomvi, halafu koni itakaa nje zaidi ya inavyotakiwa, na utashangaa kwa nini nati ya kufungia haipati nyuzi za kutosha. Zenye namba za kimetriki ni rahisi kuzisoma: zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate tundu. 32008 ni mm 40, 32010 ni mm 50. Kanuni hii haifanyi kazi kwa zile za inchi zinazoanza na LM.

Sasa zile aina tatu. Nenda dukani na vernia (kipimo cha taya cha kusoma sehemu za milimita) na kitambaa kikavu, uombe zitolewe kwenye plastiki. Pima tundu, kipenyo cha nje na unene wa jumla. Tundu likitofautiana na la zamani kwa sehemu ya kumi ya milimita, rudisha. Futa mafuta ya kuzuia kutu, weka koni ndani ya kikombe, kandamiza kwa kiganja uzungushe polepole. Iliyo nzuri inateleza sawasawa mzunguko mzima. Iliyo mbovu utaisikia inakwaruza au inashika mahali fulani kisha inaachia. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa, ni hatari na haikwambii chochote. Kisha tazama rola moja moja. Uso wake uwe na mng'ao mmoja, usio na mistari ya jiwe la kusagia, na ncha zake ziwe na ukingo uliolainishwa. Keji, ile fremu inayotenganisha rola, isikwaruze kikombe. Maandishi yawe membamba na yenye kina kimoja, na namba ya koni iendane na ya kikombe. Koni ya kiwanda kimoja usiifunge kwenye kikombe cha kiwanda kingine hata kama namba zinakubaliana.

Yenye jina lisilojulikana lakini ikapita vipimo hivi inaweza kufungwa mbele kwenye gari lako. Sababu ni kwamba habu hii inafunguka, inarekebishwa kwa nati na inaonya kwa kelele mapema. Ukubali tu kwamba utaikagua mapema kuliko nyingine: baada ya km 500 hadi 1,000, nyanyua gurudumu upime ulegevu.

Fedha uliyookoa weka kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia maji na tope. Hapo hatubishani. Seti kamili ya bei ya kutupwa mara nyingi ina beringi ya wastani na sili yenye mdomo mgumu kama soli ya kiatu. Sili ikipitisha maji au tope, beringi ya ghali na ya rahisi zinakufa siku moja.

SWALI: Fundi mmoja anasema ni beringi, mwingine anasema ni kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia ukikata usukani). Nitajuaje kabla sijanunua?

Inua gurudumu, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki wakati unaendelea kutikisa. Ulegevu ukipotea, uko kwenye beringi za habu, kwa kuwa breki imeifunga habu pamoja na nako, kile kipande cha chuma kinachogeuka na gurudumu. Ukibaki palepale, tazama beringi za kingipini, zile ndogo mbili za juu na chini ya nako, au bol joint kama gari lako linazo. Likicheza kushoto na kulia peke yake, kagua ncha za tairodi (vyuma vya usukani) kwanza.

Kwa mvumo barabarani, sikiliza kwenye kona ndefu. Ukikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Kelele ikizidi hapo, mshukiwa ni wa kulia. Tairi lililolika kwa vidato huvuma vilevile, hivyo hamishia matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kabla ya kufungua chochote. Mvumo ukihama na tairi, umeokoa beringi nzima.

SWALI: Nilifunga beringi za bei rahisi na hazikufika km 3,000. Ni feki?

Huenda, lakini usiitupe kabla hujaisoma, maana beringi iliyokufa huacha ushahidi.

Rangi ya buluu au kahawia kwenye rola inasema joto: nati ilikazwa kupita kiasi, au grisi ilikosekana. Vidimbwi vidogo kwenye kikombe vilivyoachana kwa umbali sawa na rola vinasema nyundo: mtu aligonga koni ili kikombe kiingie, nguvu ikapita kwenye rola. Mistari ya kutu yenye umbali huohuo ni maji yaliyoingia gari likasimama. Kama kikombe kimemomonyoka upande mmoja tu, hakikukaa vizuri kwenye kitako chake. Kulikuwa na uchafu au kijichuma kilichochongoka chini yake. Mikwaruzo myembamba kama ya kitana ikizunguka kikombe chote, na gari lilichomelewa hivi karibuni, muulize mchomeleaji alifunga wapi kibanio cha ethi (waya wa kurudisha umeme). Kikifungwa mbali na sehemu inayochomwa, umeme hupita kwenye beringi na kuunguza uso wake.

Beringi yenye chuma kibovu ina sura yake: magamba yanayobanduka kuzunguka kikombe chote, bila rangi ya joto, bila kutu, bila alama ya nyundo. Ukikuta hivyo, mlaumu muuzaji. Ukikuta kingine, ukinunua ghali utapata matokeo yaleyale.

Maji yanastahili neno zaidi kwa wanaovuka mito. Habu ikitoka kwenye mteremko mrefu wa breki imepata moto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili. Simama dakika kumi kabla ya kuvuka. Ukifungua ukakuta grisi ya rangi ya maziwa, ni maji. Ukikuta grisi nyepesi yenye harufu ya oili ya difu, sili ya ekseli ya ndani imekwisha. Bila kuibadilisha, grisi mpya itaoshwa tena.

Rimu zilizotokeza nje na speisa (sahani za kusogeza gurudumu nje) pia zina lawama. Zinausogeza mzigo kutoka katikati ya beringi mbili, na moja inabeba kuliko ilivyokusudiwa.

Ufungaji sasa, ambako ndiko beringi nyingi rahisi hufia. Vikombe vya zamani vitolewe kwa pondo ya shaba, ukigonga huku na huku. Chukua kikombe cha zamani, kisage nje kwa grainda kipungue kidogo, ukitumie kusukumia kipya. Kinashika ukingo sawasawa na haking'ang'anii ndani. Kaza macho kwenye mlio wa nyundo, kama masikio yanaweza kukaza macho: mlio wa tupu ukigeuka kuwa mzito na mkavu, kikombe kimefika kitakoni. Hakikisha kwa kipande chembamba cha feela geji (bamba la kupimia nafasi) kwamba hakuna nafasi chini yake. Kikombe kikiingia kwa kusukuma kwa kidole, habu imelika na gundi haitaiokoa. Tafuta habu nyingine. Kagua na spindo, chuma ambacho habu huzungukia: ikiwa na mtaro unaoshika ukucha pale koni inapokaa, koni mpya itazunguka juu yake.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu, NLGI namba 2 (kipimo cha uzito wa grisi), na usichanganye na mabaki ya aina nyingine kwa sababu baadhi ya sabuni za grisi (vitu vinavyoigandisha oili) zikikutana huyeyuka na kuchuruzika. Osha zote, kausha. Jaza koni kwa kiganja: kandamiza upande mpana wa koni kwenye rundo la grisi mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola, zungusha, rudia. Ndani ya habu paka tabaka hadi usawa wa vikombe, usiijaze shimo lote, kwani grisi iliyozidi inapata joto na kusukuma sili.

Kukaza: kaza nati ya ndani hadi Nm 60 hivi huku ukizungusha habu pande zote mbili, rola zijipange. Legeza kabisa. Kaza tena kidogo mpaka ulegevu upotee. Weka washa ya kufungia, kaza nati ya nje, kisha pima upya. Nati ya nje inaisukuma ya ndani na kumaliza nafasi iliyokuwa kwenye nyuzi, kwa hiyo kilichokuwa sawa dakika moja iliyopita sasa kimebana. Njia ya uhakika ni mizani ya ndoano iliyofungwa kwenye stadi (bolti) ya gurudumu, kalipa ya breki ikiwa imetolewa. Kwenye Toyota nyingi za ekseli nzima, habu inatakiwa ianze kuzunguka kwa mvuto wa N 28 hadi 56, yaani takriban kilo 3 hadi 6. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Nati ya kukazwa kwa tindo na nyundo, tunayoiona kila mahali, haina kipimo chochote.

SWALI: Boksi la Koyo nililoletewa limeandikwa JTEKT. Nimeibiwa?

Si lazima. Koyo ni jina la beringi za kampuni ya JTEKT, na tangu 2022 kampuni hiyo imeanza kutumia jina lake kwenye bidhaa hizo. Boksi peke yake halithibitishi wala halikanushi. Rudi kwenye vernia na maandishi ya chuma. Kwa SKF, kampuni ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unapiga picha na kupata jibu.

SWALI: Vipi beringi ya nyuma, nayo ninunue ya bei rahisi?

Inategemea ekseli. Kama ni ile ambayo ekseli inachomolewa bila kutoa gurudumu, habu yake ina beringi za rola kama mbele, na yote tuliyosema yanahusu. Kama beringi imepigwa presi kwenye ekseli na kushikiliwa na pete, hapana. Hairekebishwi, kubadilisha ni kazi ya presi, na pete ikiachia ekseli inatoka pamoja na gurudumu. Hapo nunua ya jina linalojulikana, pete mpya kila mara, na ikiwa ya zamani ina alama C3 baada ya namba (yaani nafasi ya ndani kubwa kuliko kawaida), mpya nayo iwe na C3.